Barua ya Wazi: Mheshimiwa, Skana Bado Imevaa Nailoni

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya maktaba zetu,

Ningekuamkia, ila nadhani nimekuzidi umri. Basi pokea salamu za mzee wa Githurai ambaye tangu Jumanne anajaribu kumeza hasira, nayo haimezeki.

Jumanne mvua ilinyesha. Labda ulikuwa garini, hukuiona. Mimi nilikuwa katika maktaba moja ya umma hapa jijini, natafuta gazeti la Baraza la mwaka 1963. Marehemu baba alikuwa mtu wa kumwandikia mhariri. Mwaka huo alilalamikia mabomba makavu ya Kaloleni, barua ikachapishwa, na nyumbani hatuna nakala hata moja. Maji yakaanza kudondoka kutoka darini juu ya majalada yaliyorundikwa sakafuni. Mhudumu, binti mpole, alikuja mbio na ndoo na kanga yake mwenyewe. Tukayaanika magazeti kwenye mabenchi kama omena. Nilipofungua jalada la 1963, pembe za kurasa zilibaki vidoleni mwangu kama maganda ya njugu. Ukurasa wa baba haukuwepo. Mtu aliukata kwa wembe, tena kwa ustadi.

Sasa tuje kwa skana, ile mashine ya kupiga picha kurasa. Unaikumbuka? Ulikata utepe, tukapiga makofi, tukala mandazi. Ulituahidi kwamba kwa miaka miwili magazeti yote ya zamani yatasomeka kwa simu, kuanzia Lodwar hadi Lunga Lunga. Huu ni mwaka wa nne. Skana ingali ndani ya nailoni yake, na juu yake pamekaa thamosi ya chai. (Chai yenyewe ni tamu, sikatai.) Wapo wanaosema fundi aliyefunzwa kuitumia alihamishwa, eti akaondoka na nywila. Mimi nashuku ada ya programu haikulipwa. Vyovyote iwavyo, thamosi inapata huduma kuliko msomaji.

Mheshimiwa, karatasi ya gazeti ni mbao iliyosagwa. Asidi iliyomo huila kutoka ndani, ikawa ya manjano, kisha ikavunjika. Joto na unyevu huiharakisha. Haingoji kamati yako ikutane Naivasha. Na moto je? Aprili 2021 moto wa mlimani uliteketeza chumba cha kusomea cha Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na hazina kubwa ya maandishi ya Kiafrika. Kilichoungua bila kupigwa picha, bila nakala kwingine, kimekwenda.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Hizi ziko mikononi mwenu kweli, zinawapukutikia. Mjukuu wangu aliniuliza, "Guka, si uitafute tu kwa simu?" Nilimjibu nini? Nilimwambia kuna thamosi njiani.

Siombi jengo jipya. Hata paa siombi leo, ingawa aibu ya lile paa unaijua. Ondoeni thamosi, mchomeke plagi, muanze na yale yaliyolowa. Jalada la 1964 bado liko kwenye benchi, na baba aliandika mwaka huo pia. Wembe haujalifikia, nimekagua.

Chomekeni plagi, Mheshimiwa. Nitarudi Jumatatu, na nauli ni yangu.

Wako katika subira iliyokwisha,
Mzee wa Githurai