Risala kwa Mgeni Rasmi: Ufunguzi wa Msimu wa Kuhesabu Orkidi, Kitulo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa vijiji, askari wa hifadhi, ndugu wananchi,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuupokea mwaliko wetu na kupanda hadi huku juu, barabara ikiwa kama ulivyoiona. Majukumu yako ni mengi, kwa hiyo historia tutaipitia mbio.

Hifadhi ya Taifa Kitulo, iliyopo Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, maarufu Bustani ya Mungu, ilianzishwa mwaka 2005 ikiwa na kilomita za mraba 412.9. Ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Orkidi za ardhini pekee, mimea ya maua yenye viazi chini ya udongo, ni aina zipatazo 45. Viazi vya orkidi hizo huchimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na kuvushwa kwenda Zambia, na kiazi kikishang'olewa mmea umekufa. Ndiyo maana tunahesabu.

Mheshimiwa, mafanikio yetu ni makubwa. Wanakikundi wote wa kikundi chetu cha kuhesabu orkidi sasa wanatofautisha Satyrium na Disa, makundi mawili ya orkidi, papo hapo: ua la Satyrium lina vipembe viwili, la Disa kimoja. Aidha, tunalo daftari la takwimu lenye jalada gumu, ambalo halijawahi kulowa.

Changamoto ni nyingi, lakini leo tumeleta moja tu. Tulipokuwa tukileta orodha, kila mgeni alichagua iliyo nyepesi. Fulana tulizopewa ndizo hizi tulizovaa, na tunashukuru.

Mheshimiwa, tunaomba vigingi vya chuma.

Kazi yenyewe ni hivi. Utepe wa mita 50 unavutwa kati ya vigingi viwili, na kila mmea ulio ndani ya mita 1 kushoto au kulia unaandikwa ulipo: mita 17.40 kwenye utepe, sentimita 32 kulia. Wenye maua, wenye matumba, wenye vitumba vya mbegu na wenye majani matupu, kila kundi lina safu yake. Kila ploti, yaani eneo la utepe mmoja, hurudiwa zaidi ya mara moja kwa msimu, kwa sababu aina zinazowahi Desemba huwa zimenyauka zile za Machi zikichanua.

Sasa, orkidi inaweza kukaa msimu mzima chini ya udongo bila kutoa hata jani. Isipoonekana, huenda imelala, imekufa au imechimbwa, na jibu hupatikana kwa kurudi sentimita ileile miaka kadhaa mfululizo. Vigingi vyetu ni vya mbao. Moto wa kiangazi ukipita, mbao zinateketea na vibandiko vya plastiki vinayeyuka. Simu nayo hukosea kama mita 5 hata mahali peupe, ilhali eneo tunalohesabu kandokando ya utepe lina upana wa mita 2. Hesabu ikipungua, hatujui kama orkidi zimepungua au sisi ndio tumehama.

Tunahitaji vipande vya nondo ya milimita 12, urefu wa sentimita 50, viwili kwa kila ploti, vyenye vibati vya aluminiamu vilivyogongwa namba na kufungwa kwa waya. Vitapigwa hadi vibaki sentimita 3 juu ya ardhi, bila rangi, kwani kigingi chekundu kitamwelekeza mchimbaji moja kwa moja kwenye viazi. Kwa kuwa havitaonekana kwenye nyasi, tunaomba pia kifaa kimoja cha kutambua chuma ardhini. Kibali cha maandishi cha kuvipigilia ndani ya hifadhi tunaomba ukifuatilie wewe mwenyewe.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi aliyetangulia alilipokea kwa mikono miwili, akaahidi "ndani ya wiki mbili", tukapiga makofi. Aliyemtangulia aliahidi vilevile. Wote tunaendelea kuwaombea afya njema. Kwako, Mheshimiwa, tumeambatanisha ankara kifani, na nakala ya pili amekabidhiwa katibu wako, endapo hii itapotea njiani.

Naomba kuwasilisha.