Barua kwa mwanangu: achana na "mmeelewa?"

Mwanangu,

Marahaba. Hapa nyumbani tu wazima. Mgongo wa mama yako umetulia tangu mvua zikatike, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Jumapili uliponipigia simu nilijua unajikaza usilie. Darasa la tatu, watoto 94, wiki nzima unafundisha kutoa kwa kukopa. Kila kipindi unauliza "Mmeelewa?", wanakujibu "Ndiyoooo!" mpaka mabati yanatetema, halafu jaribio la Ijumaa wanapata wanane tu. "Baba, nakosea wapi?" Salio likaisha kabla sijakujibu, na ilikuwa heri, maana ningekupa jibu la papara.

Mimi niliingia darasani na miaka 18, kidevu kitupu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule wawe wameandikishwa ifikapo 1977, na walimu wa kuwapokea hawakuwepo. Basi tukachukuliwa sisi tuliomaliza la saba, tukawa tunafundisha huku tunasoma ualimu kwa posta na kwa redio. UPE hiyo, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wenye utani wakasema ni Ualimu Pasipo Elimu. Wenzangu wengi walionewa kwa jina hilo. Mimi mwaka wa kwanza sikuonewa.

Nilikuwa na mtoto mmoja, baba yake mchoma mkaa. Nikampa 52 kutoa 38, akaandika 26. Nikamwekea mkasi. Kesho yake 71 kutoa 45, akaandika 34. Nikamchapa viwili, nikamwambia masikio yake yako porini na baba yake. Siku ya tatu mvua ikatuzuia barazani, mimi na yeye, wenzake wameshakimbia. Nikamuuliza ili muda uende tu: "Ile 26 uliipataje?"

Akachuchumaa, akaandika kwa kidole kwenye vumbi. "Mbili na nane, mwalimu. Ulisema kidogo ndicho kinachotolewa kwenye kikubwa. Nane toa mbili, sita. Tano toa tatu, mbili."

Nilikuwa nimesema hivyo kweli. Kwa kinywa changu, miezi miwili nyuma, nikidhani nawarahisishia. Katika darasa lile yeye ndiye aliyenisikiliza kuliko wote, nami nilimchapa kwa kunitii.

Kesho yake nilikuja na vijiti vya mabua, nimevifunga kumi kumi. Nikampa mafungu matano na vijiti viwili, nikamwambia anipe 38. Akanipa mafungu matatu upesi. Akabaki na mafungu mawili na vile viwili, na mimi bado namdai vinane. Akaviangalia. Nikataka sana kumwambia. Nilijing'ata ulimi, mama, na ile kazi ya kunyamaza ndiyo ngumu kuliko zote za ualimu, chuoni sijui kama wanaifundisha. Mwishowe akainua kichwa: "Mwalimu, fungu naruhusiwa kulifungua?"

Hapo ndipo kukopa kulipoingia. Mimi nilikuwa nimekuandika ubaoni siku tisa.

Kwa hiyo hilo "mmeelewa?" liache. Mtoto asiyeelewa hajui kwamba hajaelewa, na anayejua hatasimama kusema mbele ya wenzake 93. Uliza "umepataje?" Na usimuulize aliyekosa peke yake, kwa sababu wakigundua kwamba ukiuliza hivyo maana yake mtu kakosea, watafuta jibu hata kama ni sahihi. Muulize na aliyepata. Utashangaa wangapi wamepata kwa njia mbovu.

Najua utasema 94 huwezi kuwauliza wote. Huwezi. Ila madaftari unasahihisha yote, si ndiyo? Usiyapange kwa alama. Yapange kwa kosa: walioandika 26 huku, waliokopa wakasahau kupunguza kumi huku, wale wa kubahatisha huku. Nina hakika hutafikisha mafungu matano. Mwite mmoja kutoka kila fungu wakati wa mapumziko, mkae chini ya mti, akuonyeshe. Ukishajua kosa linatoka wapi, kesho unalifundisha kwa wote. Inachosha. Siku nyingine utaacha tu, uende ukalale.

Na andalio la somo, mwanangu, andika vizuri. Mwalimu mkuu na wathibiti ubora wanalihitaji, nawe linakusaidia kutopotea. Lakini pale kwenye tathmini usiandike "somo limeeleweka kwa asilimia 80". Nimeliandika neno hilo miaka na miaka. Asilimia 80 niliipima kwa mizani ipi? Andika ulichokiona: "Wengi wanatoa kidogo kwenye kikubwa bila kujali kipo juu au chini." Sentensi hiyo itakufaa kesho asubuhi.

Kingine kidogo. Umesema asubuhi wanakusalimia "mwangaluka" halafu wanacheka. Ni Kisukuma, ndiyo lugha waliyotoka nayo nyumbani, wengine Kiswahili wamekikuta shuleni. Waombe wakufundishe kuhesabu mpaka kumi. Watakucheka sana, na utaonja kidogo kukaa upande wao wa dawati.

Fimbo sikuambii mengi. Nimeshakwambia ya yule mtoto.

Kifurushi nimempa konda wa basi la asubuhi, kakifuate stendi kesho jioni, usimwachie mtu. Maharage na karanga ni za kwako. Kwenye mfuko wa kaki kuna vijiti 200 vya mabua, mama yako amevifunga kumi kumi kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Kamba hukaza mno, vidole vya watoto wa la tatu haviwezi kufungua.

Baba yako