Kiharusi hakisubiri kikao cha ukoo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo kazi yangu hunifanya nilione likiwa limekwisha kuharibika. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia mkoani Morogoro. Wagonjwa wa kiharusi hunifikia mwishoni, daktari akiwa amemaliza sehemu yake, mkono umekwisha kukunjika kifuani na mguu unaburutwa. Kwa kuwa mazoezi huchukua muda mrefu na ndugu hukaa nasi chumbani, nimezoea kuwauliza mambo yalikwendaje tangu dalili ya kwanza ilipoonekana hadi walipofika hospitalini. Majibu yao yamenifanya niamini kwamba ulemavu mwingi tunaoupokea umeongezwa na saa zilizopotea nyumbani, na kwamba saa hizo mara nyingi zilipotezwa na watu wanaompenda mgonjwa na waliodhani wanafanya jambo sahihi.

Habari zao hufanana mno. Baba ameamka alfajiri, vifungo vya shati vinamshinda, kikombe cha chai kinamponyoka. Mama akimuuliza, anajibu kwa ulimi mzito kwamba ameulalia mkono. Anachuliwa kwa mafuta ya nazi, anaambiwa ajinyooshe kidogo. Ifikapo saa nne mdomo umekwenda upande, na hapo ndipo simu zinaanza kupigwa: kwa kaka mkubwa aliyeko Dar es Salaam, kwa shangazi, kwa kiongozi wa dini. Mmoja anasema ni presha, mwingine anasema ni upepo mbaya, wa tatu anauliza kama kuna mtu aliyegombana naye siku za karibuni. Mpaka wapatane, jua limekwisha kuzama, gari la kukodi usiku ni ghali, na inaamuliwa kwamba safari iwe kesho asubuhi.

Kiharusi ni cha namna mbili. Mara nyingi bonge la damu huziba mshipa unaolisha sehemu fulani ya ubongo. Mara nyingine mshipa hupasuka na damu ikavujia ndani, na namna hii ya pili huonekana Afrika kwa kiwango kikubwa kuliko Ulaya, hasa kwa sababu ya presha ya kupanda isiyotibiwa. Kwa kutazama tu hazitofautishiki, na hata daktari hawezi kuzitenganisha kwa uhakika bila mgonjwa kupigwa picha ya kichwa. Ubongo nao hauweki akiba ya sukari wala ya oksijeni ya kutosha, hivyo sehemu iliyonyimwa damu huanza kufa ndani ya dakika chache, na eneo linalokufa huzidi kupanuka kadiri muda unavyokwenda. Daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria mwaka 2006 kwamba mtu aliyezibwa mshipa mkubwa wa ubongo hupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9 kila dakika. Kwa hesabu hiyo, kikao cha ukoo cha saa mbili humgharimu mgonjwa seli zaidi ya milioni 200, na bado gari halijatafutwa.

Kwa maoni yangu, sababu kubwa ya watu kutokimbia ni kwamba kiharusi kwa kawaida hakiumi. Mama aliyeshikwa na uchungu hulia, aliyevunjika mguu hupiga kelele, na mtaa mzima husimama. Mwenye kiharusi ameketi kimya kwenye mkeka, hana jasho wala homa, na pengine hana hata maneno ya kuombea msaada. Tena ugonjwa ukipiga upande wa kulia wa ubongo, mwenyewe anaweza asitambue kabisa kwamba mkono wake wa kushoto haufanyi kazi. Nilipata kumwona mzee mmoja aliyeambiwa wodini anyanyue mkono wa kushoto, alinyanyua wa kulia, akatutazama kwa hasira na kusema, "Si huo hapo juu?" Mgonjwa wa namna hiyo ukimuuliza kama apelekwe hospitali atakujibu kwamba hana neno, nanyi mtaona aibu kumbishia mtu mzima. Uamuzi uwe wa yeyote aliye karibu, awe mjukuu wa darasa la sita au dada wa kazi, na asilaumiwe endapo itaonekana baadaye kwamba halikuwa jambo kubwa.

Kipimo cha nyumbani huchukua chini ya dakika moja. Mwambie, "Baba, hebu nionyeshe meno," kisha tazama kama pembe moja ya mdomo imebaki chini. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho, nawe uhesabu polepole hadi kumi. Ukiona mmoja unashuka wenyewe, au haukupanda kabisa, umekwisha kupata jibu. Halafu ataje siku za juma kuanzia Jumamosi, nawe usikilize kama maneno yanaburuzika, yanachanganyika au hayaji. Moja tu kati ya hayo likitokea ghafla linatosha, wala hakuna haja ya kusubiri mengine yajitokeze. Wapo pia ambao uso na mikono yao huwa sawa, lakini ghafla jicho moja au upande mmoja wa kuona umeingia giza, au kizunguzungu kinawazuia hata kusimama, au wamepatwa na maumivu ya kichwa makali ambayo hawajawahi kuyapata maishani. Hao nao wasiachwe walale.

Kabla ya kutafuta gari, tazameni saa. Hospitalini litaulizwa swali ambalo familia nyingi hushindwa kulijibu: mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima saa ngapi? Aliyeamka na dalili huhesabiwa tangu alipokwenda kulala akiwa mzima, au tangu alipoamka usiku kwenda chooni akiwa anatembea vizuri, kama kuna aliyemwona. Jibu hilo ndilo humwezesha daktari kujua kama dawa ya kuyeyusha bonge la damu, inayotakiwa kuanza kutolewa ndani ya saa nne na nusu, bado inafaa. Chukueni pia dawa zake zote, kama zilivyo kwenye mfuko wa nailoni, badala ya kusimulia kwamba anatumia "vidonge vyeupe vidogo".

Yapo mambo yanayofanywa kwa nia njema ambayo naomba yaachwe. Uji, chai na maji visitolewe hata kama mgonjwa anaomba, kwa sababu misuli ya kumeza huweza kuwa imedhoofika na kinywaji kikaingia mapafuni. Baadhi ya waliookoka na kiharusi chenyewe hufa kwa nimonia iliyotokana na hilo. Asipewe aspirini, maana kama mshipa umepasuka, mtakuwa mmeisaidia damu kuvuja. Asiwekewe kidonge cha presha cha jirani chini ya ulimi, kwa kuwa presha ikishushwa kwa kishindo, ubongo ambao tayari una njaa ya damu huzidi kunyimwa. Na ule ujumbe usiokufa wa WhatsApp unaosema achomwe sindano ncha za vidole na masikio hadi damu itoke hauna msingi wowote wa kitabibu. Nimepokea wagonjwa wenye vidole vilivyotobolewa vyote kumi, na waliovitoboa walikuwa watu waliosoma. Kinachofaa ni kumlaza ubavu kama fahamu zimepungua, kulegeza nguo shingoni, na kuondoka.

Dalili zikitoweka zenyewe baada ya robo saa, familia hushukuru Mungu na kurudi shambani, ilhali huo ndio wakati wa hatari sana. Kiharusi cha kupita, kama wengine wanavyokiita, huweza kutangulia kiharusi kamili, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi katika siku mbili za mwanzo. Mgonjwa huyu anastahili kufikishwa kwa daktari siku hiyohiyo, huku akitembea kwa miguu yake. Nimtaje pia mtoto mwenye selimundu, kwa maana wengi hudhani kiharusi ni cha wazee: Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na mtoto wa namna hiyo anayeanza ghafla kuangusha kalamu au kuburuta mguu asichukuliwe kuwa anadeka.

Juu ya majini na kurogwa nitasema kwa uangalifu, kwa sababu sina ugomvi na dua wala maombi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu jinsi watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wanavyokielewa kiharusi, ulionyesha jambo ambalo wengi wetu tusingelitarajia: waliokihusisha zaidi na mashetani na uchawi walikuwa watu wa jijini, ilhali wa Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Na utafiti mwingine uliofanywa katika maeneo hayohayo mawili, matokeo yake yakatolewa mwaka 2010, ulikuta kwamba baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya wa kiharusi 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai 108.6. Tunaowasema wanakijiji kwa ushirikina tuna la kujifunza hapo. Dua inaweza kusomwa ndani ya gari, na sheikh au mchungaji anayesema, "Mpelekeni kwanza, nitawafuata hukohuko," huenda akawa ameokoa mkono wa mtu.

Najua nitajibiwa kwamba dawa ya kuyeyusha bonge haipatikani katika hospitali nyingi za nchi yetu, na kwamba ni ghali, kwa hiyo haraka ya nini? Hoja hiyo ina ukweli, nami siifichi. Lakini katika miaka ya karibuni hospitali nyingi za rufaa za mikoa zimefungiwa mashine za CT scan, na picha ile peke yake hubadili matibabu, kwa maana aliyevuja damu na aliyezibwa mshipa hawatibiwi sawa. Sukari iliyoshuka, ambayo huweza kuiga kiharusi kwa kila hali, hugunduliwa kwa tone la damu na kurekebishwa papo hapo. Kupimwa uwezo wa kumeza, kugeuzwa kitandani, kushushiwa presha kwa kipimo na kuanzishiwa mazoezi mapema ni mambo yasiyohitaji dawa ya kigeni, na imethibitishwa kwamba wagonjwa wanaotunzwa pamoja katika wodi yenye wauguzi waliozoea kiharusi hufariki wachache na hurudi nyumbani wengi wakijitegemea kuliko wanaotawanywa katika wodi za kawaida.

Linalonikera zaidi ni ngazi za rufaa. Mgonjwa mwenye mdomo uliokwenda upande hupelekwa zahanati, anaandikiwa kwenda kituo cha afya, kutoka hapo hospitali ya wilaya, na kila ngazi ina foleni yake, karatasi yake na gari lake la kutafutwa upya, wakati mashine inayohitajika ipo ngazi ya mwisho. Mhudumu wa zahanati akishaona dalili zile, apewe mamlaka ya kupiga simu moja na kumpeleka mgonjwa moja kwa moja kwenye hospitali yenye CT scan, na hospitali hiyo iwe imejulishwa kabla hajafika. Fedha za kipimo ziulizwe akiwa amekwisha kupigwa picha.

Kuhusu usafiri, hatuna haja ya kubuni kitu kipya. Mpango wa m-mama unaowahudumia wajawazito na watoto wachanga umetuonyesha njia: mtu hupiga 115 bila malipo, aliyepokea simu huuliza hali ya mgonjwa, huita gari la wagonjwa, na lisipokuwepo huita dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye hulipwa kwa safari hiyo. Naiomba Wizara ya Afya ifikirie kuufungua mpango huo, au kuanzisha unaofanana nao, kwa ajili ya kiharusi, ikianza hata na mikoa miwili au mitatu ambayo tayari ina CT scan inayofanya kazi usiku na mchana. Watakaosema kwamba mama wajawazito watanyang'anywa magari wana haki ya kuuliza, na ndiyo maana napendekeza fungu la fedha liwe la kwake na madereva waongezwe, wakiwemo wa bajaji kwa maeneo ya mjini ambako gari hukwama kwenye foleni. Hadi hilo litakapofanyika, naiomba kila hospitali ya rufaa ya mkoa itangaze kwenye redio za kijamii namba ya simu ya idara yake ya dharura, pamoja na saa ambazo mashine yake ya CT scan hufanya kazi, ili dereva anayetoka Mvomero au Kilosa usiku wa manane ajue pa kuelekea kabla hajawasha gari.

Mtaalamu wa fiziotherapia,
Morogoro