Mdogo wangu, nisamehe lile neno "tena"

Mdogo wangu,

Jina lako silitaji, na barabara yetu pia siitaji; Ngamiani ni kubwa. Naandika hadharani kwa sababu neno lile nililisema mbele ya watu, basi na msamaha niuombe mbele ya watu.

Unaukumbuka usiku ule. Uliingia kwa mama viatu umevishika mkononi, ukaanza kumweleza yaliyokupata. Mimi nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni. Kabla mama hajafungua kinywa, nikasema: "Tena?"

Ukaniangalia mara moja, ukanyamaza. Maneno yako hukuyamaliza, na mpaka leo hujayamalizia.

Ndani ya "tena" yangu mlikuwa na mengi. Kwamba una mkosi. Kwamba mtu habakwi mara tatu asiwe na lake. Mara ya kwanza ulikuwa darasa la tano. Mara ya pili ulikuwa umeanza kazi, ukamwambia shangazi, naye akasema funika kombe mwanaharamu apite. Tukafunika. Mwanaharamu hakupita, mdogo wangu, alikaa mjini na salamu tukampa.

Nilianza kufumbuka macho Ramadhani iliyopita. Ulikuwa uani umekaa juu ya mbuzi, unakuna nazi ya futari. Kijana wa mkaa akasukuma mlango wa uani bila hodi. Hukupiga kelele wala hukuinuka. Uliganda hivyo hivyo, kifuu umekikandamiza kwenye meno ya mbuzi na kidole kikiwa katikati, nazi kwenye sinia ikaanza kuwa nyekundu. Nilikuita kwa jina mara nne. Uliponigeukia ulikuwa kama mtu anayerudi kutoka mbali sana, na ukaniuliza damu ni ya nani.

Mama akasema jini mahaba. Ubani ukafukizwa, kombe ukanywa. Sizidharau dua, nami nakuombea kila siku. Ila usiku uliendelea kulala na sufuria umeliegemeza mlangoni, ili mlango ukiguswa lianguke.

Nilipotaja daktari ulisema, "Mnataka kunipeleka Lutindi." Najua. Watoto wa Tanga tumekua tukitishiana Lutindi kama wenzetu wanavyotishiana Mirembe. Mwishoni mwa karne ya 19 makao yale ya milimani Korogwe yalijengwa kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, ndipo baadaye yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mahali palipoanza kwa kuhifadhi watoto walioumizwa, sisi tumepageuza tusi. Lakini hata huko siko ninakokutaka uende. Hujawa kichaa. Una jeraha ambalo limekaa bila dawa.

Madaktari wanaliita PTSD, yaani maradhi ya kiwewe. Tukio linamrudia mtu usingizini na mchana kweupe kana kwamba liko mbele yake sasa hivi, anakwepa kila linalomkumbusha, anajiona yeye ndiye mbaya, na mwili unakaa macho saa zote. Yakipita mwezi mzima hayajaondoka na yanamvurugia maisha, ndipo huitwa kwa jina hilo. Waliingiza jina hilo katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na wengi waliwafikiria wanajeshi waliotoka Vietnam. Lakini mwaka 1974 Ann Burgess na Lynda Holmstrom walikuwa wameshaandika, kule Boston, juu ya wanawake waliobakwa na jinsi walivyohangaika baada ya hapo. Kubakwa ni miongoni mwa mambo yanayoacha maradhi haya kwa wingi kuliko mengine, kwa wanawake na kwa wanaume.

Sasa nilirudie lile neno langu. Utafiti uliofanyika West Nile, Uganda, ukachapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia mambo ya kutisha mengi zaidi ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyozidi. Moja hukaa juu ya jingine kama tofali. Kwa hiyo yale yaliyokufika mara tatu yalitakiwa kunifanya nikushike mara tatu. Mimi nilikuhesabia kama makosa.

Na kwa nini tena? Nimelisoma hili sana, na halina mkosi ndani yake. Mtoto aliyeumizwa hivyo yuko katika hatari ya kuumizwa tena ukubwani, mara mbili au zaidi kuliko asiyewahi kuumizwa. King'ora cha mwili kinacholia kutwa hakimsaidii mtu kujua lini moto ni wa kweli. Tena mwovu anachagua. Humtafuta ambaye nyumbani kwao hawatamwamini. Wewe ulikuwa na dada anayesema "tena". Alijua.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini hukupiga kelele. Mjini Stockholm, Sweden, watafiti waliwahoji wanawake 298 waliofika kliniki ndani ya mwezi mmoja tangu wabakwe. Asilimia 70 walisema mwili uliganda kwa kiwango kikubwa, hawakuweza kujitikisa wala kupaza sauti. Walioganda ndio walioelekea zaidi kupata kiwewe hiki baadaye. Siku ile ya nazi niliona kwa macho yangu. Hukukubali kitu, mdogo wangu. Uliganda.

Na kiwewe hiki kinatibika. Mashariki mwa Kongo, kwenye vita, wanawake waliobakwa walikaa makundi ya watu sita mpaka wanane, vikao kumi na viwili vya tiba pamoja na kile cha kwanza cha mtu peke yake, wakiongozwa na wanawake wa hukohuko waliofundishwa kazi hiyo, si madaktari wakubwa. Matokeo yalitoka 2013: miezi sita baada ya tiba, waliobaki na sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9, na katika vijiji vilivyopata msaada wa kawaida walikuwa 42. Kiwewe nacho kilipungua vivyo hivyo.

(Na wewe unayesoma barua isiyo yako, kama limekukuta wiki hii: nenda hospitali kwanza. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, nazo humezwa siku 28.)

Nataka twende hospitali ya Bombo tukaulize kliniki ya afya ya akili. Ukitaka niingie nawe nitaingia, ukitaka nikae benchi la nje nitakaa. Hutalazimika kumweleza mtu yote siku hiyo, wala mimi.

Nitakuja Jumamosi asubuhi. Nitapiga hodi nikiwa bado barazani, nitaje jina langu kwa sauti, na nitangoja mpaka ulitoe sufuria ufungue mwenyewe.

Dada yako.