Wabunge watano si kipimo

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia neno, lakini makala ya Jumapili kuhusu Reform UK, chama cha Nigel Farage kinachopinga uhamiaji, imenishinda. Eti chama kilichopata wabunge watano uchaguzi wa 2024 hakiwezi kuitikisa Uingereza!

Mwandishi wenu kahesabu viti, kafunga daftari. Mwaka 2015 UKIP, chama cha Farage wakati huo, kilichotaka nchi ijitoe Umoja wa Ulaya, kilipata mbunge mmoja. Mmoja tu. Mwaka uliofuata nchi ikapiga kura kujitoa kweli, kwa sababu waziri mkuu David Cameron alishaahidi kura hiyo akihofia watu wake wasimkimbie wakaenda UKIP. Hawa akina Farage hawahitaji kuunda serikali. Walioiunda ndio wanaowaiga. Julai 2024 Reform walipata kura zaidi ya milioni 4 na hivyo viti vyenu vitano. Mei 2025 wakanyakua halmashauri kadhaa, Kent ikiwemo, na siku chache baadaye waziri mkuu Keir Starmer wa Labour, eti chama cha wafanyakazi, akatangaza kusitisha viza za wahudumu wa wazee kutoka nje. Julai zikafungwa. Mhudumu mwenyewe ni mimi! Kiangazi hicho, bendera zikitundikwa kila nguzo, mtoto wa bibi ninayemlisha alikuja na ya kwake, akaniomba nimshikie kiti aifunge dirishani kwa mama yake. Nikashika. Akiwa kule juu ananiambia, "Hatukusemi wewe, tunawasema wale wengine." Wale wengine akina nani? Mwenzangu wa zamu aliyefika katikati ya 2024, wanawe kawaacha Morogoro kwa sababu sheria ya Machi mwaka huo haimruhusu kuja nao? Na sheria yenyewe ni ya serikali ya Rishi Sunak, baba mzaliwa wa Kenya, mama mzaliwa wa Tanganyika.

Na sisi tusijisafishe. Kwenye grupu letu la WhatsApp yuko mzee aliyeingia huku kwa karatasi za ukimbizi. Leo ana pasi ya Uingereza, na kutwa anaturushia klipu za Farage akimsifu. Huyo huyo mchango wa msiba hajatoa tangu enzi za korona.

Napendekeza mwandishi wenu apangiwe zamu moja hapa, saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, pamoja na mbunge wa chama chochote wa kusaidiana naye kumgeuza bibi wa kilo tisini. Chai wataikuta. Glavu kubwa zimekwisha, waje na zao.

Mbeba boksi,
Coventry, Uingereza