Somo, nitafutie ukurasa mmoja

Tanga, Jumapili usiku

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, watoto wazima, mama anakusalimu na anauliza ule ubani umefikia wapi. Najua nimekaa kimya tangu mfungo, usinune. Tulikuwa na hitima ya babu, na hapo hapo kwenye hitima limenipata jambo haliniachi, ndiyo maana nakuandikia saa hizi, watu wote wamelala.

Baada ya pilau, ustadhi akatoa mawaidha, akafika kwenye kuanguka kwa Baghdad. Unamjua anavyosimulia. Vitabu vikatupwa mtoni mpaka maji ya Tigris yakawa meusi kwa wino. Watu wakatokwa na machozi. Mimi na Mama Zuhura tulikuwa uani tunakunja majamvi, yule kijana wa dada, yule mdadisi, akanifuata: "Mama mdogo, hao Wamongolia waliomuua khalifa walikwenda wapi?" Nikamwambia hawakwenda popote, walisilimu. Akanitazama kama nimemtukania babu yake.

Hapo ndipo moyo wangu uliponasa. Mkononi nilikuwa na jamvi lililoviringwa, na khalifa al-Musta'sim, kwa masimulizi ya wengi, alikufa hivyo: walimviringisha kwenye zulia, farasi wakamkanyaga, kwa kuwa kwao damu ya mfalme haimwagwi ardhini. Februari 1258. Aliyetoa amri ni Hulagu, mjukuu wa Chinggis Khan. Nililiweka lile jamvi chini, nikashindwa kulifunga kamba.

Sasa piga hesabu na mimi. Mwaka 1295 Ghazan, kitukuu cha Hulagu huyo huyo, alitamka shahada akakalia kiti cha enzi cha Uajemi. Ni miaka 37 tu! Kijana aliyeiona Baghdad ikiungua akiwa na miaka 15, siku hiyo alikuwa na 52. Aliingia msikitini Ijumaa akasikia kitukuu cha muuaji akiombewa dua juu ya mimbari. Aliitikia amina? Hilo ndilo linaloninyima usingizi, somo, si vita.

Usidhani nawatetea. Miji ya Merv na Nishapur mwaka 1221 iliteketezwa na watu wa Chinggis Khan, na ustadhi ana haki ya kulia. Ninachomlaumu ni kuishia katikati. Mwaka 1259, mmoja tu baada ya Baghdad, mwanachuoni Nasir al-Din al-Tusi alianza kujenga mjini Maragha nyumba kubwa ya kutazamia nyota, na fedha zilikuwa za Hulagu. Rashid al-Din, tabibu aliyezaliwa Myahudi akasilimu, alikuwa waziri wa Ghazan, akaandika historia iliyokusanya Wachina, Wahindi na Wafaranki, yaani Wazungu, katika kazi moja. Naye walimuua, 1318. Wema na ukatili vilikaa nyumba moja. Kuna na kisa cha pesa za karatasi: mwaka 1294 mtawala wao alitaka kuzilazimisha mjini Tabriz kwa kuiga China, wafanyabiashara wakafunga maduka mpaka akasalimu amri. Wa soko letu la Mgandini nao wangefunga.

Halafu binamu yake Hulagu, Berke, kule kwenye nyika za mto Volga, alikuwa amekwisha kusilimu, na 1262 wakapigana ndugu kwa ndugu. Kijana wa dada hili lilimfurahisha sana. Akaniuliza kama Berke alipigana kwa ajili ya khalifa. Nikamwambia kwa ajili ya khalifa, na kwa ajili ya malisho na miji ya Azerbaijan pia. Hakuipenda ile "pia".

Sasa shida yangu. Ibn Battuta, yule msafiri aliyetua Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kutuandika tunavyoosha miguu kabla ya kuingia msikitini, baadaye alifika kambini kwa Sultani Uzbek, wa ukoo huo huo wa Berke. Anasema aliona mji mzima unatembea: misikiti na masoko juu ya magari, na moshi wa majiko ukipanda hewani, maana walipika huku wakisafiri. Akashangaa jinsi wanawake walivyoheshimiwa kule. Nataka kumsomea kijana kipande hicho kama kilivyoandikwa, nami Kiarabu changu unakijua kinaishia wapi. Wewe uko Maskati, maduka ya vitabu unayo. Kambi ile wenyewe waliiita urdu, na majirani zako Wapakistani lugha yao imepata jina kwenye neno hilo hilo. Ukiwasikia kesho ngazini, nikumbuke.

Utanipatia Rihla, kitabu cha safari zake? Utanisomea ukurasa huo kwa sauti, neno kwa neno, na tafsiri yako mwenyewe? Waalimu wa huko wanawafundisha watoto wako habari za Ghazan, au nao wanaishia mtoni kwenye wino? Na wewe ungelikuwa msikitini siku ile, na umezika baba na kaka Baghdad, ungeitikia amina? Mguu umepona? Mwanao wa mwisho ameanza shule? Na ubani wa mama unaupakia lini? Yule binamu wa Mama Zuhura anarudi tarehe 20, mpe yeye vyote viwili.

Wasalaam,
somo yako