Walimu wa kompyuta, msiwape vijana 777

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na walimu wa vyuo wanaofundisha Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, maana hili jambo la kutatua kila kitu kwa 777, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote za faili, linaniuma.

Mwezi uliopita tulipata kijana wa fildi ofisini, anajituma kweli, Jumatatu mradi wake unabildi vizuri tu, yaani kodi inageuzwa kuwa programu, Jumanne ukagoma, kila akipiga make, amri ya kubildi, anaambiwa hana ruhusa kuandika kwenye folda ya build. Siku mbili anahangaika, kafuta kompaila, ile inayotafsiri kodi, kaiweka upya, kabadilisha programu yake ambayo haikuwa na kosa lolote. Kumbe Jumatatu jioni alipiga sudo make mara moja, vile alivyozoea chuoni kwamba kitu kikigoma weka sudo, na sudo inafanya kazi kwa jina la root, yule mtumiaji mkuu wa mashine, kwa hiyo kila faili lililozaliwa pale likawa mali ya root na kesho yake yeye hawezi kuligusa.

Ilitakiwa amri moja tu, chown -R kumrudishia umiliki wa ile folda, basi. Lakini mwenzake wa chuo kamwambia piga sudo chmod -R 777, naye akaipiga kwenye folda yake yote ya nyumbani! Hapo ssh, programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mtandao, nayo ikaukataa ufunguo wake wa siri, na ina haki, ufunguo gani wa siri unasomwa na kila mtu.

Jamani, mfundisheni kwanza ls -ld aone folda ni ya nani kabla hajagusa chochote. Halafu namei -l, inaonyesha ruhusa za kila folda njiani, maana saa nyingine folda yako iko sawa ila ya juu yake ndo imefungwa. Ile x kwenye folda ni ruhusa ya kupita, ukinyimwa huingii hata faili la ndani liwe 644, yaani la kusomwa na kila mtu. Na kufuta faili kunategemea ruhusa ya folda, sio ya faili lenyewe, hili linawashangaza hata wakongwe. Kwenye Docker, inayoendesha programu ndani ya boksi lake liitwalo kontena, ni yaleyale, kontena ya root ikiandika kwenye folda ya mashine yako inakuachia mafaili ya mtumiaji namba 0, ndiye root, wakati wewe kwenye Ubuntu kwa kawaida ni 1000.

Mchana mzima tulikaa naye tunarudisha ruhusa, 700 kwenye folda ya ssh, 600 kwenye ufunguo, yaani mwenyewe tu ndiye anayegusa, na fildi yenyewe ni wiki nane tu.

Mtengeneza programu,
Mwanza